Sikuanguka, Niliketi Ghafla

Jumatatu, 4 Agosti

Binti yangu amenunua kitanda. Hakuniuliza! Kakinunua, kakiweka chumbani kwa wajukuu, kisha kaja kunieleza kama mtu aliyeleta habari njema. Kina kingo pembeni, kama cha mtoto mchanga. Nikamwuliza kingo za nini. Akasema za usalama, mama. Nikamwambia nimelala kitandani miaka sabini na mbili bila kingo na sijawahi kupotea.

Kisa chote ni lile jambo la Juni bafuni. Niliteleza. Mara moja! Ndoo nayo iliteleza na hakuna aliyeinunulia kitanda. Lakini binti yangu ni muuguzi, na muuguzi akikukuta chini mara moja, basi jina lako limeshaingia kwenye faili. Amesema nikianguka tena, hata mara moja tu, nahamia kwake. Vyumba vyangu vitafungwa.

Vyumba vyangu! Viwili na kibaraza, na mlango wenye ufunguo ninaoushika mimi. Kuta hizi alizipaka rangi marehemu mume wangu kwa mkono wake. Alizipaka vibaya, na sijamruhusu mtu kuzirekebisha. Kwa binti yangu televisheni inasema tangu alfajiri mpaka watu wanasinzia. Mimi siwezi kuishi mahali ambapo nikitaka chai naulizwa kama nimekunywa dawa.

Sitaanguka. Nimeamua. Ila Alhamisi tunakwenda kwenye magofu, na magofu ni mawe matupu.

Jumanne, 5 Agosti

Nieleze mambo ya magofu, kichwa kimejaa.

Tulikuwa watatu kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Sabuni, kwa kuwa ufunguo wa stoo ya sabuni ulikuwa kwake, na aliushika kama ufunguo wa peponi. Kibanio, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akianika. Mimi nilikuwa msimamizi, wakaniita Nyapara, na mpaka leo wananiita hivyo na mimi naitika. Miaka thelathini na moja basi la wafanyakazi lilitupitisha kando ya magofu yale, asubuhi na jioni, na hata siku moja hatukushuka. Juzi Kibanio amesema angependa kushuka kabla hajafa. Kibanio hasemi mengi. Akisema neno, ujue limekaa kifuani miaka.

Sabuni akadakia. Eti yeye alishapelekwa na mwanawe, atatuongoza. Sabuni atuongoze! Mtu aliyewahi kupotea ndani ya stoo yake! Mdomo wangu ukafunguka bila ruhusa yangu. Nikasema mimi magofu yale nayajua tangu utotoni, babu yangu alinipeleka, kila ukuta naujua. Uongo mtupu. Babu yangu hakuvuka hata mto. Sasa lazima niongoze.

Mpango: binti yangu asijue kitu. Nimemwambia Alhamisi nashinda kwa Kibanio kwa sababu anaumwa. Kisha nikamwendea Kibanio nikamwambia augue. Akauliza augue nini. Nikamwambia achague mwenyewe, mimi si daktari.

Jumatano, 6 Agosti

Maafa! Binti yangu ameingiwa na huruma. Nimemzaa mwenyewe, nimemlea mwenyewe, sikujua ana huruma kiasi hicho. Ametoka kazini na kipimo cha presha mkobani, moja kwa moja kwenda kumwona shangazi Kibanio. Mimi nikapita uchochoroni, kwa mwendo ambao mtu wa kitanda cha kingo hawezi, nikamkuta mgonjwa anafagia uwanja. Nikamsukumia kitandani na viatu vyake.

Binti akaingia. Akampima. Akakunja uso, akampima tena. Presha ya Kibanio iko juu kama moshi! Ni woga. Hajasema uongo tangu azaliwe, mwili wake hauna mazoea. Binti akamwuliza, unajisikiaje, shangazi? Kibanio akasema, vibaya, mwanangu, vibaya sana. Hapo hakudanganya.

Amekatazwa chumvi na amekatazwa kutoka kitandani siku tatu. Binti alipotoka Kibanio akaanza kulia, eti sasa anaumwa kweli. Nikamwambia presha ya uongo haihesabiki, na saa mbili na nusu asubuhi awe amevaa.

Kisha binti akanigeukia mlangoni, akasema na mimi nilete mkono. Nikamwambia nina haraka, nimeacha sufuria motoni. Sikuwa na sufuria motoni. Alinitazama. Alinitazama muda mrefu! Akasema nisisahau fimbo yangu nikitoka. Nitabeba mwavuli. Mwavuli ni fimbo yenye heshima.

Alhamisi, 7 Agosti

Ole wangu. Naandika mguu ukiwa ndani ya beseni la maji baridi.

Tulikwenda kwa teksi. Sabuni alikaa mbele, kwa nguvu. Getini palikuwa na askari mwenye ndevu za mvi na daftari. Akasema kuna mtu wa kutembeza wageni, tukitaka. Nikamwambia wageni ni wengine. Akasema wazee waandike jina na namba ya simu ya ndugu, likitokea lolote apigiwe. Ndugu! Nikaandika namba ya Sabuni, haraka. Sabuni naye akaandika yake nyuma yangu, akiwa amefunika daftari kwa kiwiko kama mtoto anayeficha majibu. Sikuuliza. Laiti ningeuliza!

Ndani nikaongoza. Ukuta wa kwanza nikasema wa mfalme. Wa pili, wa mke wa mfalme. Wa tatu, wa wifi yake. Sabuni akasema mbona kibao kimeandikwa birika la maji. Nikamwambia wifi huyo alipenda sana maji. Kibanio akacheka mpaka akashika ukuta, nami nikamwomba asicheke kwa nguvu kwa sababu ya presha. Mimi mwenyewe macho yalikuwa chini muda wote. Kila jiwe nililiona kama kitanda. Sikuona nguzo hata moja vizuri.

Kibao kikubwa kilisema hapo waliishi watu mia nne. Nilikisoma polepole, darasa la nne ndipo nilipofika, lakini nilikimaliza. Kimeeleza alipolala mfalme, alipokula mfalme, alipozikwa mfalme. Nikakasirika. Watu mia nne! Shuka zao? Nguo zao? Walikaa uchi? Nani aliwafulia, na wapi? Hakuna kibao. Kibanio akasema kwa sauti ndogo, Nyapara, hata sisi hatuna kibao.

Nikasema twende, tutakitafuta chumba cha kufulia. Na tukakipata! Nyuma ya ukuta mrefu, mbele yetu: mabeseni manne, maji ya tope, brashi, na kamba zimefungwa kwenye vijiti huku na huku. Nikageuka nikamwambia Sabuni, si nilikwambia nayajua?

Lakini uzembe, jamani, uzembe! Kamba zimepita chini, kiganja kimoja tu kutoka ardhini. Nani anaanika shuka ardhini? Mabeseni yamejaa vipande vya vyungu vimeachwa kulowana. Vingine viko kwenye trei, vimechanganywa vyekundu na vyeusi na vya maua, kila trei na kikaratasi chake kichafu chini ya kijiwe. Mtu hakuna. Wamekwenda kula wameacha kazi! Katika miaka yangu thelathini na moja mtu wa hivyo angefua foronya za wodi ya wazazi peke yake mpaka Krismasi.

Mikono ikawasha. Nikagawa kazi. Sabuni, brashi. Kibanio, kamba: ang'oe vijiti, azikunje vizuri. Mimi kupanga. Vyekundu na vyekundu, vyeusi na vyeusi, vya maua peke yake, vikubwa chini, vidogo juu. Vikaratasi nikavikusanya vyote, nikavinyoosha kwa kiganja, nikaviweka pamoja chini ya jiwe moja. Kwa saa nzima nikasahau kuogopa. Sabuni akaimba ule wimbo wetu wa zamu ya asubuhi. Kibanio alikuwa na tope mpaka viwikoni na uso wake ulikuwa wa msichana. Kulipendeza! Kulipendeza kabisa.

Wakarudi. Mbele alikuwa mwanamke mwenye kofia pana, ana mwiko wa fundi mwashi mkononi. Akasimama. Akatazama. Akaketi chini mchangani, hivyohivyo, bila kuangalia anaketi juu ya nini. Nikamwambia hakuna haja ya kushukuru.

Akauliza kwa upole vikaratasi viko wapi. Nikamwonyesha. Akafumba macho. Ndipo akaeleza, sauti yake ikiwa nyembamba kama uzi, kwamba hapo wanachimba ili wajue watu wa kale waliishi vipi. Kila kamba ilipima mahali. Kila kikaratasi kilisema kipande kimetoka mahali gani na kina gani. Wiki nne za kazi, mama zangu, akasema. Wiki nne.

Sabuni akaiweka brashi chini taratibu, akasema yeye alifuata amri.

Mimi nikarudi nyuma hatua moja ili nieleze vizuri. Nyuma palikuwa na shimo lao.

Sikuanguka. Niliketi ghafla. Shimo lenyewe linafika magotini tu. Lakini walipiga kelele wote, mwavuli ukavunjika, na mguu wa kushoto ukasema kitu. Askari akaja mbio na daftari, akapiga namba ya ndugu yangu. Ikalia kwenye mkoba wa Sabuni. Sabuni akapokea! Akasema haloo, nani mwenzangu? Wakazungumza, wakiwa hatua tatu kutoka mmoja kwa mwingine, mpaka askari akakata simu kwa hasira.

Bi Mchimbaji akasema huenda akatuita, tumsaidie kukumbuka kipande gani kilikuwa wapi. Nikasema hakuna shida. Njia nzima sikupumua.

Ijumaa, 8 Agosti

Mguu umevimba kama andazi. Sijatoka. Kila simu ya jirani ikilia nashtuka. Sabuni amekuja kunipa pole, kisha akaniuliza kama nina hakika babu yangu aliwahi kunipeleka kule. Nimemwambia aondoke.

Nilijaribu kutembea bila kuchechemea. Kutoka kitandani mpaka mlangoni ni hatua kumi na nne. Sita nilizitembea vizuri.

Jumamosi, 9 Agosti

Binti alikuja mchana. Nilikuwa nimejipanga: kiti, shuka magotini mpaka chini, sindano na uzi, nashona. Mpango ni kutosimama. Akaniomba maji ya kunywa. Nikamwambia chukua mwenyewe, mwanangu. Kosa! Hajawahi kuruhusiwa kugusa mtungi wangu tangu aolewe. Akasimama na kikombe, akanitazama. Akauliza unashona nini. Nikatazama. Nilikuwa nimeishona shuka kwenye gauni langu mwenyewe.

Akauliza kama niko salama. Nikasema salama salimini. Akauliza Kibanio yuko vipi. Nikasema amepumzika sana. Akaniinamia akanibusu kichwani, akaenda. Nikaona aibu kidogo, ikapita.

Jumapili, 10 Agosti

Kwisha kazi.

Binti alikuja bila kubisha hodi. Amepigiwa simu, tena zamu yake ikiendelea. Sauti ya mwanamke: samahani, wewe ni ndugu wa bibi fulani? Akataja jina la Sabuni. Sabuni! Namba aliyoficha kwa kiwiko ilikuwa ya binti yangu! Nimemwuliza leo kwa nini. Akasema wanawe wako mbali, na mtoto aliye muuguzi ni mtoto wa wote. Miaka arobaini ya urafiki na huyu nyoka.

Bi Mchimbaji alimweleza yote. Vyungu, kamba, na shimo. Na shimo!

Nilimwambia niliketi ghafla. Akanyanyua shuka, akautazama mguu. Akaanza kuubonyeza polepole, kama nilivyokuwa nikimbonyeza yeye tumbo alipokuwa mdogo. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Akasema, mama, ungelala chini kule na mimi sijui uko wapi. Ningekutafuta kwa Kibanio. Ningemkuta Kibanio hayupo. Ningefanya nini?

Nikamwambia viatu vyake vimechafua sakafu yangu.

Kesho anatupeleka wote watatu kwa Bi Mchimbaji. Keshokutwa nahama.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilikuwa na mpango mmoja wa mwisho. Nikikumbuka vipande vyote, binti ataona akili yangu bado ni nzima, na mtu mwenye akili hahamishwi. Nilikuwa nikijua shuka imetoka wodi gani kwa kuangalia doa tu. Vyungu vitanishinda?

Bi Mchimbaji alipanga trei tupu. Nikaanza. Hiki hapa, hiki pale, hiki kilikuwa na hiki. Sikusita hata mara moja. Binti alikuwa amesimama nyuma yangu. Vipande sitini na vinne! Nilipomaliza nikamgeukia binti, tabasamu tayari.

Kumbe kila jioni walikuwa wakipiga picha za trei. Bi Mchimbaji alitaka tu kuona tunakumbuka vipi vile vya siku ya mwisho, ambavyo picha yake haijapigwa. Akazitazama picha, akatazama trei zangu. Nimepatia vitatu. Akasema vitatu si haba, bibi. Binti akaangalia mawingu.

Kisha Kibanio akaombwa. Akajaribiwa kwa vile vyenye picha, akapatia vyote, ndipo akapewa apange vya siku ya mwisho! Akasema yeye miaka yote alianika kwa mpangilio wa wodi, macho yamezoea. Halafu akaenda pembeni kwenye jiwe moja la mteremko, lina mikwaruzo, akalipapasa, akasema, hapa walisugulia nguo. Walisimama upande huu, maji yakatoka kule. Bi Mchimbaji akapiga magoti kuangalia. Akaandika. Akasema hawajui bado kama ni kweli, lakini hilo hawakulifikiria. Amemwomba Kibanio awe anakuja kila Alhamisi.

Mimi ndiye niliyesema tukitafute chumba cha kufulia! Mimi! Hakuna aliyeandika hilo.

Kwenye gari Kibanio alinishika mkono, akasema, Nyapara, bila wewe nisingeshuka kwenye basi lile. Presha yake imepimwa leo. Iko sawasawa.

Jumatano, 13 Agosti

Nimehama. Naandika kwa binti. Vyumba vyangu vimefungwa tangu jana na ufunguo ameutia mkobani mwake. Usiku wa jana nilijigonga mara mbili kwenye kingo za usalama. Wajukuu wananiuliza kama nimeadhibiwa.

Binti ameniapisha: nisiguse kitu cha mtu mwingine bila kuuliza. Nimeapa. Nilikuwa mnyonge, ningeapa chochote.

Leo mchana niko peke yangu. Binti kazini, watoto shuleni, mkwe ametoka. Mkwe ni fundi saa, anafanyia kazi sebuleni. Nimeitazama meza yake. Nimejizuia. Nikaitazama tena. Jamani! Saa tisa zimefunguliwa matumbo, visahani tisa vya skrubu na vigurudumu, kila kisahani kimechanganywa vya shaba na vya fedha, na kila kimoja kina kikaratasi cha namba, kichafu, kina alama ya chai. Maskini! Anafanya kazi katika hali hii na hakuna aliyemwonea huruma. Huku si kugusa kitu cha mtu. Huku ni kusaidia familia.

Nimemaliza saa kumi. Shaba na shaba, fedha na fedha, vikubwa kushoto, vidogo kulia. Vikaratasi nimevitupa kabisa safari hii, maana kuvihifadhi ndiko kulikozua maneno yote yale. Anarudi saa kumi na moja. Atafurahi. Nimeshachungulia dirishani mara nne.

Ijumaa, 15 Agosti

Niko kwangu!

Mkwe mwenyewe amenileta, asubuhi na mapema, kabla ya chai. Alibeba mizigo yangu yote kwa mkupuo mmoja. Jumatano aliiona meza. Aliketi. Machozi yalimlengalenga, kijana wa watu, kwa kutozoea kutendewa wema. Jana kutwa alikuwa amejifungia na binti yangu wakizungumza, nikasikia akisema mama arudishwe vyumbani kwake, arudishwe kesho, atamtafutia mtu wa kupita kila siku kumwangalia, atalipa yeye. Binti akauliza, na akianguka? Mkwe akasema kwa sauti niliyoisikia mpaka jikoni: hataanguka, ataketi ghafla!

Ametambua tofauti. Mkwe mwenye akili vile!

Binti amenirudishia ufunguo mkononi. Akasema, mama, umejifunza lolote? Nikamwambia mimi nimefundisha, mwanangu, wenye kujifunza ni nyinyi. Kumgeuza mtu mzima ni kazi ya polepole, lakini wiki moja tu, na tazama mnavyobadilika.